Satelaiti Iliyoitwa Uhuru, na Historia Ambayo Hatufundishwi

Ndugu msomaji, ukitaja neno historia hapa kwetu Kigoma, watu wengi watakupeleka moja kwa moja Ujiji. Watakuonyesha mahali ulipokuwa ule mwembe, watakuambia ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na hadithi itaishia hapo. Mimi ni mtoto wa Gungu na hadithi hiyo nimeisikia tangu shule ya msingi. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba inatuzoesha kuamini kuwa kila jambo kubwa la elimu lililopita upande huu wa Afrika lilikuwa la mgeni mmoja anayetafuta mto au ziwa, na sisi tumesimama pembeni tunambebea mizigo.

Leo nataka kuwasimulia historia nyingine. Haikutokea Ujiji. Ilitokea upande wa pili kabisa wa Afrika Mashariki, baharini, kaskazini ya Malindi nchini Kenya. Ina jina la Kiswahili, na jina hilo wanasayansi wa dunia nzima wanaliandika mpaka leo, wengi wao bila kujua maana yake. Na sisi wenye lugha, wengi wetu hatujui kama limeandikwa.

Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Siku hiyo hiyo, kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini katika ghuba ya Ungwana, karibu na kijiji cha Ngomeni, roketi ndogo ya Kimarekani aina ya Scout iliruka ikiwa na satelaiti yenye uzito wa kilo 140 na kitu. Kwenye makaratasi satelaiti hiyo iliitwa SAS-1. Mhandisi wa NASA aliyeongoza mradi, mama mmoja aitwaye Marjorie Townsend, aliona siku kama hiyo haiwezi kupita hivi hivi. Satelaiti ikapewa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe na ya wenyeji waliowapokea. Hiyo ndiyo ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani.

Sasa utaniuliza, kwa nini Malindi? Wamarekani walikosa pa kurushia roketi kwao?

Jibu ni la kisayansi, wala si la hisani. Jukwaa lile lilikuwa la Waitaliano. Profesa Luigi Broglio wa Roma ndiye aliyebuni mradi huo miaka ya 1960, akasimamisha majukwaa mawili baharini, San Marco na Santa Rita, mfano wa yale ya kuchimbia mafuta. Eneo hilo liko nyuzi kama tatu tu kusini ya ikweta. Dunia inapozunguka, ikweta ndiyo sehemu inayokwenda kasi zaidi, kwa hiyo roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka hapo inasukumwa na dunia yenyewe. Roketi ndogo na ya bei nafuu inafanya kazi ambayo kwingine ingehitaji kubwa zaidi. Halafu kuna faida ya pili, na kwa kazi hii ndiyo iliyokuwa muhimu zaidi. Satelaiti inayozunguka juu ya ikweta, tena chini chini, inakwepa sehemu kubwa ya mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia. Kwa chombo kinachojaribu kupokea mwanga hafifu mno, mionzi hiyo ni kelele. Ni sawa na mtu anayetaka kusikia mnong'ono huku pembeni kuna mashine ya kusaga.

Kwa hiyo pale Ngomeni hapakuwa mahali popote tu. Kati ya mwaka 1967 na 1988 satelaiti tisa zilirushwa kutoka pale, za Italia, Marekani na Uingereza.

Turudi kwenye Uhuru. Eksirei ni zile zile za hospitali, ila zile za angani haziwezi kufika ardhini kwa sababu hewa inazizuia. Ndiyo maana kabla ya miaka ya 1960 hakuna aliyekuwa akizijua vizuri. Mwezi Juni 1962, Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, walirusha roketi kutoka New Mexico wakitaka kuona kama mwezi unatoa eksirei. Ilikaa juu dakika chache tu. Badala ya mwezi wakakuta vitu viwili ambavyo hawakuvitarajia. Kwanza nyota moja inayowaka eksirei kupita kiasi, katika kundi la Nge. Pili, anga yote, kila upande, ilikuwa na mng'ao hafifu wa eksirei usiokuwa na mwenyewe. Huo mng'ao ulitoka wapi? Ni taa nyingi ndogo zilizo mbali mno, au ni ukungu wenyewe unaowaka? Wazo hilo tuliweke pembeni kidogo, tutalirudia.

Roketi za dakika chache zisingeweza kujibu. Ilihitajika satelaiti inayokaa juu miezi na miaka ikipekua anga yote. Hiyo ndiyo Uhuru. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika kama 12, ikifagia anga ukanda kwa ukanda mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ilikuwa mara ya kwanza binadamu kuwa na ramani ya anga yote kwa eksirei. Vipimo vyake vilisaidia watu kukubali kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Na lile jina? Vyanzo vilivyoorodheshwa na Uhuru vinaitwa kwa herufi U. Orodha ya nne ni 4U, kisha zinafuata namba za mahali angani. Nyota fulani inaitwa 4U 1700-37. Msomi wa Tokyo au wa Chicago akiandika leo makala kuhusu nyota hiyo anaandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili. Fikiria hilo. Neno ambalo Nyerere na Kenyatta walilipigia kelele majukwaani liko angani, na watoto wetu hawaambiwi.

Lakini kilichonifanya niandike leo si nyota moja moja. Ni ule mwanga hafifu usiokuwa na mwenyewe.

Galaksi haziishi peke yake. Nyingi zinakaa pamoja kama kaya katika kijiji, mamia au maelfu mahali pamoja. Uhuru ilipoelekezwa kwenye makundi ya galaksi kama Coma, Perseus na Virgo, ilikuta eksirei hazitoki kwenye kitone kimoja bali zimesambaa kundi zima. Zilitoka katikati ya galaksi, sehemu ambayo kwa macho na darubini za kawaida ni giza tupu. Baadhi ya watu walisema ni gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Wengine wakasema hapana, ni chembe ziendazo kasi sana zinazogongana na mwanga mwingine. Mng'ao peke yake hauwezi kukata kesi ya namna hiyo. Ukiona wekundu mbali usiku hujui kama ni moto wa nyasi, tanuri la matofali au taa za mji.

Kinachokata kesi ni mstari. Naomba nieleze taratibu, maana hapa ndipo kiini cha habari yote.

Kila elementi ina rangi zake maalumu inazotoa, na haibadilishi. Tupa chumvi kwenye moto wa mkaa utaona njano, kila mara, Gungu au Moscow. Wanasayansi wakiutawanya mwanga kwa urefu wa mawimbi yake, rangi hizo maalumu zinaonekana kama mistari. Mstari ni sahihi ya mkono. Ukiuona umemjua mwenyewe.

Tarehe 15 Oktoba 1974, kutoka jukwaa lile lile la San Marco, ilirushwa satelaiti ya Waingereza iliyoitwa Ariel 5. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha maabara ya Mullard ya chuo kikuu cha London kilichoweza kupima nguvu ya kila eksirei. Kilielekezwa kwenye kundi la Perseus, lililo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 200. Mwaka 1976 watafiti wake walitangaza kwamba pale kuna mstari, na mstari wenyewe ni wa chuma!

Chuma, msomaji wangu. Hiki hiki cha jembe. Ila cha huko kina joto kali kiasi kwamba atomi zake zimenyang'anywa karibu elektroni zote. Kesi ikaisha siku hiyo: kilichosambaa kati ya galaksi ni gesi ya moto, si chembe za mwendokasi. Likaja na jambo kubwa zaidi. Ulimwengu ulipoanza haukuwa na chuma. Ulikuwa na hidrojeni na heliamu, basi, na chembechembe kidogo za vitu vyepesi. Chuma kinapikwa ndani ya nyota na katika milipuko ya nyota zinapokufa. Sasa kimefikaje huko nje, mbali na nyota? Hakuna jibu lingine isipokuwa kwamba nyota za ndani ya galaksi zilikipika, zikalipuka, na galaksi zikakimwaga nje. Yaani galaksi si visiwa vilivyokaa kimya tangu enzi. Zinavuta gesi, zinaipika kuwa nyota, zinatema mabaki. Zinakua na kuzeeka, na majivu yao yako nje yanasomeka.

Wazee wa Ufipa, jirani zetu kusini hapa, walijenga matanuri marefu ya udongo kuyeyusha mawe ya chuma. Ukiona takataka za chuma zimemwagwa porini unajua hapa palikuwa na tanuri, hata kama tanuri lenyewe limebomoka. Ariel 5 iliona takataka za matanuri ya galaksi. Na iliondokea pwani ya Waswahili kwenda kuziona.

Kazi hiyo haijaisha. Mwaka 2016 Wajapani walirusha satelaiti iitwayo Hitomi, wakaielekeza Perseus, wakapima mistari ile ile ya chuma kwa usahihi ambao haujawahi kuwepo, kabla haijaharibika baada ya wiki chache tu. Mwaka 2023 wakarusha nyingine, XRISM, kuendeleza. Mstari wa 1976 bado unasomwa.

Sasa tuje kwetu ziwani, maana bila ziwa sitaweza kueleza hatua iliyofuata.

Ukisimama usiku wa giza kwenye vilima vya hapa Kigoma ukatazama Tanganyika, utaona wavuvi wa dagaa wamewasha taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri. Zilizo karibu na mwalo wa Kibirizi unaweza kuzihesabu moja moja. Za mbali zaidi zinaanza kushikana. Za mbali kabisa, kuelekea milima ya Kongo, huwezi kuzihesabu hata ufanyeje, unachoona ni utando wa mwanga juu ya maji. Je, kwa kuwa huwezi kuhesabu, huna habari yoyote? Si kweli. Panapong'aa zaidi ndipo mitumbwi ilipo mingi, na mitumbwi imefuata dagaa. Utando wa mwanga ni ramani, hata kama hujaiona taa hata moja.

Hivyo ndivyo wanaanga wanavyofanya siku hizi. Badala ya kuhangaika kuipiga picha kila galaksi, kazi ambayo kwa galaksi ndogo na za mbali ni muhali, wanapima jumla ya mwanga wa mstari mmoja kutoka eneo kubwa la anga. Wanaopenda zaidi ni mstari wa hidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa sentimita 21. Mholanzi Hendrik van de Hulst alitabiri uwepo wake mwaka 1944, na Wamarekani wawili, Ewen na Purcell, wakaupokea kwa redio mwaka 1951.

Uzuri wa mstari ni kwamba unakupa pia umbali. Ulimwengu unapanuka, na mawimbi yanayosafiri ndani yake yanavutika. Hidrojeni zote zinapiga ngoma ya sauti moja, lakini kadiri ngoma ilivyo mbali ndivyo sauti inavyotufikia ikiwa nzito zaidi. Ukibadilisha masafa kwenye redio yako unahama kutoka karibu kwenda mbali, kutoka jana kwenda juzi. Ramani inakuwa na kina. Mwaka 2010 watafiti walitumia darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, yenye upana wa mita 100, wakaonyesha kwamba mng'ao wa jumla wa hidrojeni kutoka miaka kama bilioni saba iliyopita unafuata mpangilio wa galaksi zilizokwisha hesabiwa. Utando wa mwanga ukaonekana kufuata mitumbwi.

Ugumu uko wapi? Wavuvi wetu wanaujua. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, kwa sababu taa haina maana mbele ya mwezi. Kwa wanaanga, mwezi ni galaksi yetu wenyewe. Inatoa mawimbi ya redio yenye nguvu mara maelfu kuliko ule mnong'ono wa hidrojeni ya mbali. Dawa yake ni kwamba kelele ya galaksi yetu inabadilika polepole na kwa ulaini ukihama masafa, wakati ule mstari unapanda na kushuka kufuatana na palipo na gesi na pasipokuwa nayo. Unatoa kile kilicho laini, unabaki na mikunjo. Kuandika ni rahisi, kufanya ni kazi ya miaka.

Kuna kelele nyingine, na hiyo ni yetu sisi binadamu. Mawimbi ya hidrojeni yaliyotoka wakati ulimwengu una miaka kama milioni 300 yamevutika mpaka yanafika hapa yakiwa na urefu wa mita tatu hivi. Kwa masafa hiyo ni kama megahezi 100. Angalia redio yako ya FM ni namba ngapi! Alfajiri ya galaksi za kwanza imekaa kwenye mita bendi moja na taarabu na mpira. Ndiyo maana darubini za kazi hii zinapelekwa majangwani, kama Karoo ya Afrika Kusini, ambako kuna HERA, na ambako MeerKAT yenye madishi 64 ilizinduliwa mwaka 2018.

Huko Karoo na Australia Magharibi ndiko inakojengwa darubini kubwa kuliko zote za redio, SKA, ambayo ujenzi wake ulianza rasmi Desemba 2022. Pamoja na Afrika Kusini, zipo nchi nane za Afrika zilizoingia kama washirika tangu mwanzo: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Hesabu tena. Kenya imo, Zambia imo, Msumbiji imo. Jirani zetu watatu. Tanzania haimo.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Historia ya Malindi ina funzo la pande mbili. Upande mmoja, inatuambia kwamba mahali petu pana thamani ya kisayansi, ikweta haiwezi kuhamishiwa Ulaya. Upande wa pili, inatuambia kwamba mahali peke yake hapatoshi. Pwani ilitoa jukwaa na jina. Vipimo vilikwenda Marekani na Uingereza, Nobel ikaenda huko huko, na Wakenya wamekuwa wakiuliza kwa miaka mingi nchi yao ilipata nini. Mkataba mpya na Italia ulisainiwa mwaka 2016, mwaka 2017 Kenya ikaanzisha wakala wake wa anga, na mwaka 2023 satelaiti yao Taifa-1 ikaruka, tena kutoka Marekani, siyo Ngomeni. Jina la Kiswahili tena, ila safari hii wamelichagua wenyewe. Miaka 53 kati ya Uhuru na Taifa. Ni mwendo mrefu, lakini ni mwendo.

Na siku hizi kuna mlango ambao mwaka 1970 haukuwepo. Machi 2025 Marekani ilirusha SPHEREx, satelaiti inayopiga anga yote kwa rangi 102 za mwanga wa infraredi. Moja ya kazi zake ni hiyo hiyo ya kupima jumla ya mwanga wa galaksi, hata zile zisizoweza kuonekana moja moja. Vipimo vyake vinawekwa wazi kwa kila mtu. Hakuna tena haja ya kumiliki jukwaa la baharini. Kinachohitajika ni hesabu, kompyuta, intaneti ya uhakika na mwalimu wa fizikia. Ukipita shule zetu za sekondari hapa Kigoma ukauliza ni kipi kati ya hivyo vinne kinapatikana kila siku, utaelewa kwa nini naandika habari hii kwa hasira kidogo.

Lile swali la mng'ao wa 1962 lilijibiwa kwa sehemu kubwa na satelaiti ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999: ni taa nyingi ndogo zilizo mbali, mashimo meusi ndani ya galaksi za mbali, moja moja kwa mamilioni. Ilichukua karibu miaka 40 kutoka kuona utando mpaka kuhesabu mitumbwi. Waliojibu walikuwa na wanafunzi, na wanafunzi wao wakawa na wanafunzi.

Wenye mitaala naomba mnisikie. Livingstone abaki, sina neno. Lakini katika kitabu hicho hicho, ukurasa mmoja tu, mwandikeni mtoto wa Gungu asome kwamba tarehe 12 Desemba 1970 ramani ya kwanza ya anga kwa eksirei ilianza kuchorwa kutoka pwani yetu, na kwamba iliitwa Uhuru. Mnasemaje, ndugu zangu?